Wakaaji wa jengo letu waliulizwa kinachowasumbua, mawe yakarundikwa mlangoni kwetu

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Kwanza mnisamehe makosa ya kuandika. Mimi niliishia darasa la sita la msingi, na Kiswahili chetu cha huku tunakichanganya sana na Kifaransa. Habari hii niliiandika kwanza kwa kalamu, na mwandiko wangu ni mbaya kiasi kwamba mimi mwenyewe nilikuwa narudi nyuma kutafuta nilichosema. Sasa naihamishia kwenye simu kwa kidole kimoja. Mkiona herufi imepotea, mniwekee.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, kwa sababu bado tunakaa pamoja na watu hao, na wao pia wana simu.

Mimi ni msichana. Si mtu wa maneno. Mgeni akiingia, mimi naenda kuangalia moto hata kama moto hauna shida.

Ninakaa na nyanya yangu. Huku nyanya tunamwita kambo, basi nami nitamwita Kambo. Yeye ni mtu wa Kilwa ya huku Katanga, kule kwenye ziwa Mweru. Anauza samaki wakavu wanaoletwa na malori kutoka kule. Wakifika huku huwa wameshika unyevu wa njiani, kwa hiyo lazima tuwaanike tena juani kabla ya kuwapeleka sokoni. Mbele ya mlango wetu tulikuwa na kichanja cha miti kwa ajili ya kazi hiyo.

Jengo letu ni la zamani, la ghorofa, si mbali na katikati ya mji. Katikati kuna ua, na uani kuna bomba moja la maji. Sisi tuko chini kabisa, pale ngazi zinapoanzia. Chumba chetu zamani kilikuwa stoo. Ndiyo maana hatuna karatasi yoyote ya kukaa pale. Tuna maneno ya mwenye nyumba tu, na alimwambia Kambo hivi, mbele yangu:

"Kambo, mukae. Lakini siku bantu ba hapa banalalamika juu ya samaki yako, mutatoka."

Basi sisi tuliishi hivyo. Mtu akipita akikunja pua, mimi namfuata kwa macho hadi juu. Akicheka na mwenzake kwenye ngazi, nadhani wanatucheka sisi. Akitusalimia vizuri kuliko jana, ndiyo naogopa zaidi.

Sasa niwajulishe watu watatu, wengine mnaweza kuwaacha.

Juu kabisa anakaa Papa Ilunga, fundi wa pikipiki, Mluba wa hapa hapa Katanga. Anacheka kwa sauti kubwa na hasemi jambo mara moja.

Chini yake anakaa Mama Ngalula, mwalimu wa shule ya msingi. Wazazi wake walitoka Kasai. Anapiga pasi hata kitambaa cha kichwa.

Chini yake tena yuko Mzee Ramazani, mshonaji, Mwislamu wa watu wa Maniema. Ana magoti mabovu na mashine yake inalia tangu asubuhi.

Kuna familia nyingine nyingi, za kila kabila na kila kanisa. Tulikuwa tunasalimiana vizuri sana. Lakini mtu akianika nguo, anakaa hapo hapo kuzilinda.

Msimu wa mvua ndio ulikuwa mbaya. Maji machafu yalikuwa yanarudi juu kutoka mfereji wa uani na kusimama pale chini ya ngazi, karibu na mlango wetu. Mbu, utelezi, na harufu. Harufu hiyo, wakuu, kila mtu alisema ni ya samaki.

Kambo alikuwa anasema, "Samaki yangu miye ninaiyua harufu yake. Hii haina samaki." Nani angemsikiliza? Muuza samaki atasema nini kingine?

Tulijaribu kufanya salongo, yaani ile kazi ya pamoja ya kusafisha siku ya Jumamosi. Haikufika mbali. Wa juu walisema uchafu ni wa chini. Wa chini tulisema uchafu unateremka kutoka juu. Mmoja alifagia mlango wake akasukuma kwa jirani, jirani akarudisha. Mwisho kila mtu alichukua ufagio wake akaingia ndani.

Ndipo Mama Ngalula akaanza kupita mlango kwa mlango. Alisema tukutane, wakaaji wote, tuangalie jinsi ya kuboresha maisha ya jengo.

Mimi neno hilo la kuboresha lilinikaa vibaya. Ukitaka kupendezesha nyumba unaanza kwa kutoa kitu. Na mle ndani, kitu cha kutoa ni nani kama si sisi?

Tena kuna jambo nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Kabla ya mkutano, Mama Ngalula alikuja uani na mwanamume nisiyemjua, ana kofia na mita ya chuma. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Walipima kutoka bomba hadi kwenye mlango wetu. Yule mwanamume akainama chini ya kichanja, akagonga sakafu kwa fimbo, akamtazama Mama Ngalula na kutikisa kichwa. Mama Ngalula akaweka kidole mdomoni. Wakaondoka.

Nilimwambia Kambo. Akaendelea kugeuza samaki.

"Banapima kichumba yetu," akasema. "Kuko muntu anataka kuingia."

Siku ya mkutano tulikaa uani, kila familia na viti vyake, na kila familia mbali kidogo na nyingine. Mama Ngalula akasimama.

"Bamama na bapapa, hatuwezi kukaa hivi. Kila muntu iko na kitu inamusumbua hapa. Tuyue ni wapi. Hapana kupigana, hapana kutukanana."

Papa Ilunga akauliza, "Mwalimu, unatupatia devoir ya nyumbani? Miye sikuleta kalamu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Hapana kuandika, papa. Kila nyumba ikamate tawi ya muti, iende iweke pahali penye kuko magumu. Basi. Tutaona wenyewe."

Mzee Ramazani akainua mkono kama anazuia gari. "Tawi? Mama, tafazali! Utaweka matawi mbele ya nyumba ya muntu, na kesho bantu banakuya na viti bao kulia kilio?"

Kwa wale wa mbali: huku ukiona matawi yamewekwa njiani mbele ya nyumba, ujue kuna msiba. Wengine walitema mate pembeni kabisa. Mama Ngalula mwenyewe alishtuka, akaomba msamaha.

"Basi majibwe," akasema. Jibwe ni jiwe. "Kila nyumba, jibwe moja. Na muntu aende peke yake, hakuna wa kumuangalia, asisikie haya. Kesho, kisha ya misa, tunakutana tena."

Mimi nikajiuliza, kwa nini peke yake? Jambo zuri linafanywa mbele ya watu. Mtu anayetaka usionekane ana lake.

Kambo aliokota kokoto moja uani akanipa nikaweke kwenye bomba, kwa sababu maji yanatoka kama machozi. Nikaweka. Tukalala.

Jumapili tulikwenda kanisani mapema. Kambo anapenda kukaa mbele. Siku hiyo sikusikia mahubiri hata kidogo.

Tuliporudi, tuliona.

Mawe yalikuwa mlangoni kwetu. Si moja, si mawili. Yalikuwa rundo, karibu mawe ya jengo zima. Kipande cha tofali lililochomwa. Kipande cha sakafu ya vigae. Jiwe lenye mafuta ya injini. Kokoto iliyooshwa safi. Na jiwe moja jeusi, zito, linalong'aa kama kioo, la yale yanayotoka kwenye taka za kuyeyusha shaba.

Kule kwenye bomba kulikuwa na kokoto yetu peke yake.

Kambo alisimama na Biblia yake kwapani. Hakulia. Aliruka yale mawe kwa shida, akaingia, akatoa ule mfuko mkubwa wa plastiki wa kusafiria na kuanza kuukung'uta vumbi.

"Kambo, unafanya nini?"

"Banasema. Hauoni? Banasema bote."

Niliketi kwenye kizingiti. Nilikuwa naangalia kila anayepita. Mke wa Papa Ilunga alipita na ndoo, akasema "Jambo" akiwa anatazama ukuta. Mzee Ramazani alitoka hadi kwenye ngazi, akaniona, akarudi ndani. Watoto wakahesabu mawe kwa sauti mpaka mama yao akawaita. Kila mlango uliofungwa, mimi niliusikia ukisema "mtoke."

Nami nikaanza kazi mbaya ya kutafuta lipi ni la nani. Lenye mafuta ni la fundi. Lililooshwa ni la mwalimu, nani mwingine anaosha jiwe? Nilikuwa nawachukia mmoja mmoja, kwa mpangilio.

Mchana, watu wakatoka na viti vyao. Kambo alikuja na kiti chake pia, na mfuko wake ameuacha wazi juu ya kitanda.

Mama Ngalula akaanza. "Basi, tunaona wenyewe pahali majibwe iko..."

Wakuu, sijui nani aliyenisimamisha. Miguu ilisimama, nikajikuta juu.

"Kila muntu akamate jibwe yake," nikasema.

Papa Ilunga akafungua macho. "Ee! Kumbe huyu mutoto iko anasema? Miye nilifikiri Kambo analeta bubu!"

Wakacheka. Nilitaka ardhi inichukue. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na mfuko ulikuwa kitandani.

"Mulisema muntu aende peke yake. Sawa. Sasa akamate jibwe yake mbele ya bantu, aseme kwa kinywa: ninaiweka sababu ya kitu fulani. Kama ni juu ya Kambo, aseme. Tutatoka. Lakini aseme."

Nikakaa juu ya mikono yangu.

Hakuna aliyeinuka. Mtu mmoja nyuma akasema jambo la utani, hakuitikiwa. Mama Ngalula alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wa kwanza alikuwa Mzee Ramazani. Alikwenda polepole, akainama kwa kushika ukuta, akachukua ile kokoto safi. Kumbe ile safi ilikuwa yake.

"Miye ninatawaza kule juu," akasema. "Mikono safi, miguu safi. Ninashuka niende kusali, ninafika hapa chini, ninakanyaga mayi ya sabuni na bukari ya bantu bote. Ninarudia kupanda, ninatawaza tena. Magoti yangu inakataa. Kambo, haina juu yako. Ni juu ya ile mayi."

Bukari ni ugali wetu wa huku. Kambo alikuwa anamwangalia kama mtu anayepewa mzigo asiojua umefungwa nini.

Kisha akaja mama mmoja, akasema mtoto wake alianguka pale. Mwingine akasema mbu. Mwingine maji. Tena maji.

Papa Ilunga akachukua lake la mafuta, akalirusha na kulidaka. "Miye sitadanganya. Miye niliweka juu ya samaki."

Watu wakasema "Aaa!"

"Minasema kweli! Inanuka!"

Kambo akageuza kiti chake. "Ilunga, mwanangu. Inanuka?"

"Inanuka, Kambo."

"Na wakati muke yako anakuya kwangu na sahani, unafunga pua unakula?"

"Pale ninakula, Kambo. Sinusi."

Uani palilipuka. Hata Mzee Ramazani alishika magoti yake kwa kucheka. Mimi sikucheka bado. Nilikuwa nangoja Mama Ngalula.

Alichukua kipande cha kigae. Sauti yake ilikuwa chini, si ya darasani.

"Ile muntu wa mita, najua bengine mulimuona. Ni fundi maçon, wa kujenga. Anasema mufereji inapita chini ya kichanja ya Kambo. Njo pale, ni pale inaziba. Kama tunataka mayi itoke, tuondoe kichanja, tuvunje sakafu, tuchimbe."

"Na haukuniambia?" Kambo akauliza. "Mulango yangu unaiyua. Unapita pale kila siku."

"Kambo, nikuye miye, mutoto wa bantu ba Kasai, nikuambie ondoa kichanja yako. Ungesema nini?"

Hapa ndipo ninapompenda Kambo, hakuwahi kudanganya ili apendeze.

"Ningesema unanifukuza."

"Njo ile, ile kabisa," Mama Ngalula akasema. "Nilifikiri kama bote banaweka jibwe pale, haitakuwa miye peke yangu."

Kwa wasiojua habari za mji huu: maneno ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni yaliwahi kuumiza watu sana huku, hasa watu wa Kasai, zamani, kabla sijazaliwa. Hakuna aliyeyataja pale uani. Lakini niliona wakubwa wote wametazama chini kwa wakati mmoja.

Basi yeye alituogopa sisi, sisi tukamwogopa yeye, na ndiyo maana likaja jambo la mawe ya kificho. Angegonga mlango tu siku ya kwanza, tungegombana tukamaliza. Au labda tusingemaliza. Sijui.

Jumamosi iliyofuata tukafanya salongo ya kweli. Kichanja tulikibomoa wenyewe, mimi na Kambo, hatukutaka mtu mwingine akiguse. Papa Ilunga akavunja sakafu kwa nyundo. Yule fundi wa mita akaelekeza.

Na mle ndani ya mfereji, wakuu, kulikuwa na jengo zima. Bukari iliyoganda. Mafuta ya pikipiki. Nguo za watoto. Magamba ya samaki, ndiyo, yalikuwapo, Kambo alikubali. Na vitambaa, vitambaa, vitambaa, vimesokotana kama kamba.

Papa Ilunga akakiinua kimoja kwa koleo, cha bluu yenye maua. "Hii robe, hii nguo ya nani?"

Mama Ngalula akakodoa macho. "Ile ni pagne yangu, kitenge ya Krismasi! Mzee Ramazani, ulisema kisha ya kushona haikubakia hata kipande!"

Mzee akageuka kutafuta fimbo yake. "Ee, ile... ile ilikuwa kidogo tu, mama."

Hata fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Maji yakaondoka. Harufu haikwisha yote, nisiwadanganye. Harufu ya samaki ilibaki, lakini sasa ilikuwa ya samaki peke yake, na unajua ni kiasi gani. Kichanja tukakijenga upya kwenye ukuta wa jua, pale Papa Ilunga alipokuwa anaosha pikipiki. Alinung'unika. Bado ananung'unika.

Mwenye nyumba akasikia kwamba tumevunja sakafu yake. Akaja. Alitazama kazi, akazunguka, akasimama mbele ya kichanja kipya. Wakaaji walikuwa wametoka kuangalia. Akauliza kwa sauti, "Ni nani analalamika hapa juu ya harufu?"

Mfuko wa Kambo ulikuwa umekunjwa chini ya kitanda, ni kuuvuta tu.

Watu wakatazamana.

Papa Ilunga akavuta pumzi kwa pua, ndefu, mpaka kifua kikajaa. "Harufu gani, patron?"

Mwenye nyumba akaondoka. Sisi tuko pale hadi leo.

Ningeweza kuishia hapo mkafurahi. Lakini niliahidi ukweli.

Siku ile ya mawe, kila mtu alipochukua lake, lilibaki moja. Lile jeusi la taka za shaba. Mama Ngalula aliuliza, "Hii ni ya nani?" Akauliza tena. Papa Ilunga akatania, watu wakatazama pembeni. Hakuna aliyelichukua. Viti vikaondoka, jiwe likabaki pale mlangoni.

Kuna mtu mle ndani aliyeliweka. Labda aliona haya kusema mbu kama wenzake. Labda alikuja mpita njia tu. Labda alitaka tutoke, na bado anataka. Anatusalimia kila asubuhi, huyo mtu, kwa sababu wote wanatusalimia.

Nilitaka kulitupa mbali. Kambo akakataa. Ni zito, akasema, linafaa. Sasa analitumia kukandamizia wavu juu ya samaki ili paka wasifike. Kila anayekuja kuchota maji analiona. Mimi nikiwa pale, huwa natazama macho ya anayelitazama.

Nilichojifunza ni hiki: mkitaka kutengeneza mahali mnapokaa watu wa kila aina, msiwafunge watu midomo kwa kuwaonea huruma. Aliyelalamika kwa kinywa, Papa Ilunga, tuligombana naye na leo ndiye aliyetukinga. Yule wa jiwe jeusi sina la kumfanya.

Mimi wasiwasi haujaniisha. Naandika haya nikiwa kwenye kizingiti, na kuna mtu anashuka ngazi, na sijainua kichwa kumwangalia ni nani.

Wakuu, mnaokaa kwenye majengo ya watu wengi, kwenu mlifanyaje? Na jiwe hilo, nyinyi mngeendelea kumtafuta mwenyewe au mngeacha? Niandikieni hapa chini, hata maneno machache. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote, na kila mmoja nitamjibu.